Kiti cha Dirishani na Mandhari ya Nchi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Abiria Wanaoruka Kutoka Dar es Salaam

Abiria wengi wanaoondoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere huomba kiti cha dirishani, hukipata, kisha hushuka mwisho wa safari bila kuuona mlima waliotamani kuuona, kwa sababu ulikuwa upande wa pili wa ndege. Dirisha peke yake halitoshi. Kinachoamua utaona nini ni upande uliokaa, saa ya safari na mahali lilipo bawa, na mambo hayo yote matatu yanaweza kujulikana kabla hujatoka nyumbani. Majibu yafuatayo yametokana na safari nyingi za ndani ya nchi na za nchi jirani, na mazoea ya kuifungua ramani kabla ya kila safari.

Kushoto na kulia kwa ndege huhesabiwaje, na herufi za viti zina maana gani?

Kushoto na kulia huhesabiwa ukiwa umekaa kitini, uso umeelekea pua ya ndege. Herufi A ni dirisha la kushoto karibu katika kila ndege ya abiria. Dirisha la kulia ndilo linalobadilika: ni F katika ndege zenye viti vitatu kila upande, kama Boeing 737, ni K au L katika ndege nyingi kubwa za safari za mbali, na katika ndege za pangaboi, yaani zile zenye panga zinazozunguka kwenye injini, huweza kuwa D au F. Airbus A220 ina viti viwili kushoto na vitatu kulia, kwa hiyo watu wawili wanaosafiri pamoja wakikaa kushoto hawana haja ya kumsumbua mtu wa tatu.

Nikitoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro, nikae upande gani?

Kaa kulia. Ndege inayotoka Dar es Salaam huelekea kaskazini-magharibi, na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) uko kusini-magharibi mwa Mlima Kilimanjaro, kwa hiyo mlima hubaki upande wa kulia wa njia mpaka dakika za mwisho. Upande huohuo ndio wenye mambo mengine yote makubwa ya njia hii: Milima ya Usambara inaonekana kwanza, ikifuatiwa na ya Pare, na kati ya Pare na njia ya ndege kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo katika siku yenye anga safi hung'aa kama bati jipya katikati ya nchi kavu. Aliyekaa kushoto huiona nyika ya Wamasai, ambayo ina uzuri wake, hasa baada ya mvua, lakini si uzuri ambao mtu huupangia safari.

Kimo cha ndege angani nacho kinabadilisha unachokiona. Kilele cha Kibo kina mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Ndege za pangaboi kama ATR 72 na Dash 8 mara nyingi huruka kati ya mita 5,000 na 7,500, kwa hiyo abiria huutazama mlima karibu uso kwa uso, Kibo ikiwa na kilele chake cha mviringo na Mawenzi, yenye mita 5,149, ikiwa imechongoka upande wake wa mashariki. Ndege za jeti huruka juu zaidi, na kutoka huko unaweza kuliona shimo la kreta likiwa wazi chini yako. Mimi napendelea pangaboi kwa safari hii, kwa sababu mlima ukiwa usawa wa macho ndipo mtu anapoelewa ukubwa wake.

Kuna jambo moja la kuzingatia mwishoni. Upepo ukivuma kutoka mashariki, ndege hupita kusini mwa uwanja, hugeuka upande wa magharibi na kutua ikielekea mashariki. Hapo Kilimanjaro huwa mbele kushoto, na aliyekaa kushoto hupata zawadi yake dakika chache kabla ya magurudumu kugusa ardhi. Mlima Meru pia humwangukia aliye kushoto wakati ndege inakaribia kutoka kusini-mashariki. Hata hivyo, kwa kulinganisha muda ambao kila upande hupewa, kulia kunashinda. Wakati wa kurudi Dar es Salaam, geuza: kaa kushoto.

Je, kanuni hiyo inatumika pia kwa safari ya Nairobi?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Nairobi iko kaskazini zaidi, na mstari wa moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hupita mashariki mwa Mlima Kilimanjaro, si magharibi. Kwa hiyo kwenda Nairobi unakaa kushoto, na kurudi kutoka Nairobi unakaa kulia. Niliwahi kusafiri kwenda Nairobi nikiwa na kiti cha kulia nilichokichagua kwa kukumbuka safari za KIA, na kwa muda wote ambao rubani alikuwa akiwaeleza abiria habari za mlima, nilikuwa nikitazama vichwa vya watu waliojazana kwenye madirisha ya upande wa pili. Tangu siku hiyo sijachagua kiti bila ramani.

Siku ikiwa safi, upande wa kushoto utaona pia tambarare ya Amboseli upande wa kaskazini wa mlima, na pengine Ziwa Chala na Ziwa Jipe mpakani mwa Tanzania na Kenya, iwapo njia ya siku hiyo haikupotoka sana. Waongozaji wa ndege wana mamlaka ya kubadilisha njia kwa sababu ya hali ya hewa au msongamano, na kwa hiyo kila jibu la ukurasa huu ni la njia ya kawaida.

Na kwa Zanzibar, safari ambayo haimalizi hata nusu saa, kuna haja ya kuchagua?

Kuna haja kubwa, kwa sababu ufupi wa safari ndio unaoifanya iwe tamu: ndege haipandi juu sana. Ndege ndogo za aina ya Cessna Caravan mara nyingi huvuka chini ya mita 2,000, na kutoka urefu huo unaona jahazi lenye tanga, ngalawa za wavuvi na mstari wa miamba ya matumbawe ambapo rangi ya maji hubadilika ghafla kutoka kijani hadi buluu nzito.

Uwanja wa Abeid Amani Karume uko karibu kaskazini kamili mwa uwanja wa Dar es Salaam. Kwa hiyo kwenda, kushoto ni magharibi, ambako kuna pwani ya bara kuelekea Bagamoyo, na kulia ni bahari kuu. Ndege ikiruka kuelekea baharini kisha ikakata kushoto kwenda kaskazini, bawa la kushoto huinama na kumwonyesha abiria rasi ya Msasani, halafu visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Ukikaribia Unguja, Kisiwa cha Chumbe chenye mnara wa taa wa mwaka 1904 kipo kushoto vilevile. Kwa sababu hizo nashauri kushoto kwa kwenda.

Mji Mkongwe ni suala la bahati zaidi. Uwanja uko kusini mwa mji, na ndege inayotua ikitokea kusini haiupiti mji kabisa. Ikitua ikitokea kaskazini, mji na visiwa vya Changuu na Bawe huwa kulia. Ikiruka kuelekea kaskazini wakati wa kuondoka Unguja, mji huwa kushoto.

Ninasafiri kwenda Mtwara. Je, nichague upande wa bahari?

Wengi hudhani hivyo, na wana sababu, kwa kuwa kushoto kuna Kisiwa cha Mafia. Lakini mimi nachagua kulia, kwa kuwa upande huo ndiko ulipo mdomo wa Mto Rufiji. Mto huo haumwagiki baharini kwa mkono mmoja. Hugawanyika kuwa mikono mingi inayopindapinda katikati ya misitu ya mikoko, ambayo ni miongoni mwa misitu mikubwa zaidi ya mikoko katika Afrika Mashariki, na kutoka angani unaona maji ya kahawia ya mto yakisukumana na maji ya buluu ya bahari bila kuchanganyika haraka. Nimesoma habari za delta shuleni miaka mingi, nikachora na michoro yake, lakini nilielewa neno hilo siku nilipoiona Rufiji kutoka dirishani.

Ukiendelea kusini, kulia utaona Songo Songo na kisha Kilwa, pamoja na Kilwa Kisiwani ambayo magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Usitarajie kuyatambua magofu yenyewe kutoka juu, ila umbo la kisiwa na ghuba yake linaeleza vizuri kwa nini wafanyabiashara wa kale walipachagua mahali hapo kuwa bandari. Faida nyingine ya upande wa kulia ni kwamba kwa safari ya asubuhi jua liko kushoto, hivyo macho yako hayaumizwi na mwanga.

Kwa kurudi Dar es Salaam, delta huwa kushoto.

Vipi kuhusu Mbeya, Dodoma na Mwanza?

Njia ya kwenda Songwe, uwanja unaoihudumia Mbeya tangu mwaka 2012, imegawanyika kwa haki. Kulia kuna Milima ya Uluguru, na baadaye Mikumi na nyanda za Ruaha. Kushoto kuna bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022, halafu bonde la Kilombero, na mwishoni Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960. Milima ya Udzungwa hupitwa karibu juu yake. Ningechagua kushoto kwa sababu ya bonde la Kilombero, ambalo ubapa wake chini ya ukuta wa Udzungwa haufanani na kitu kingine chochote nchini.

Kwenda Dodoma, kaa kushoto uone Uluguru na mji wa Morogoro chini yake.

Kwenda Mwanza, sehemu kubwa ya safari ni nchi ya kati, yenye mashamba, mapori na mabwawa madogo, na uzuri wote umejazana katika dakika kumi na tano za mwisho. Ndege ikitua moja kwa moja ikitokea kusini-mashariki, mji wenye mawe yake na ghuba ya Mwanza huwa kushoto, na siku yenye anga safi unaweza kuliona kwa mbali upande huo daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Ukerewe iko kulia. Nashauri kushoto, na nashauri usilale.

Nitajuaje upande unaofaa kwa njia ambayo haimo hapa?

Fungua ramani ya simu, tafuta uwanja unaoondokea na unaokwenda, kisha weka rula au ukingo wa karatasi kati ya sehemu hizo mbili. Geuza ramani mpaka unakokwenda kuwe juu. Vyote vilivyo kushoto mwa rula vitakuwa kushoto mwa ndege. Njia hii rahisi hutosha kwa safari zote za ndani ya nchi. Kwa safari ndefu, kama za Ulaya au Asia, mstari wa ramani bapa hudanganya kwa sababu dunia ni mviringo, na ni afadhali kutazama katika tovuti za kufuatilia ndege njia ambayo ndege hiyohiyo ilipita siku zilizotangulia.

Usiogope umbali wa kitu kutoka kwenye mstari. Kutoka mita 10,000, upeo wa macho uko karibu kilomita 357, na kutoka mita 6,000 uko karibu kilomita 276. Mlima mrefu huonekana mbali zaidi ya hapo, kwa sababu nao umenyanyuka. Kinachozuia kuona aghalabu si umbali, bali ni ukungu, vumbi na moshi.

Nikae mbele, katikati au nyuma ya bawa?

Inategemea bawa liko wapi. Ndege za jeti kama A220, 737 na 787 zina bawa chini ya madirisha, na aliyekaa juu yake huona bati jeupe badala ya nchi. Mbele ya bawa ndiko kuzuri zaidi. Nyuma yake pia unaona chini, ila hewa ya moto inayotoka kwenye injini hutetemesha picha, kama vile unavyoona barabara ya lami ikitetemeka saa saba mchana, na nyuma kabisa ndipo mtetemo huo unapopungua.

ATR, Dash 8 na Cessna Caravan zina bawa juu ya madirisha, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu unaona chini bila kizuizi karibu kila safu. Kizuizi cha ATR na Dash 8 ni injini na panga zake. Katika Dash 8, nyumba ya injini ni ndefu na humziba aliyekaa sambamba nayo, lakini humpa kitu kingine cha kutazama: magurudumu hujikunja na kuingia humohumo ndani ya nyumba ya injini, na wakati wa kutua huyaona yakishuka. Watoto hupenda sana kiti hicho. Anayetaka mandhari na akae nyuma.

Je, kuna kiti cha dirishani kisicho na dirisha?

Kipo. Katika ndege nyingi za Boeing 737, mbele kidogo ya bawa kuna safu ambayo ukuta wake umezibwa kwa sababu bomba la hewa ya kupoza chumba cha abiria limepita hapo. Katika ndege nyingine, nafasi ya viti haikupangwa kwa kufuata madirisha, na abiria hujikuta na nusu ya dirisha nyuma ya bega lake. Tafuta ramani ya viti ya aina ya ndege yako kabla ya kulipia, au muulize wakala wako wa tiketi moja kwa moja: je, kiti hiki kina dirisha kamili?

Saa ipi ya safari ndiyo nzuri?

Hakuna saa moja kwa kila kitu. Milima hutaka asubuhi mapema, kwa sababu mawingu hujikusanya kwenye misitu ya mteremko kadiri jua linavyopanda, na ikifika saa tano Kilimanjaro mara nyingi imejifunga. Ni kweli kwamba kwa safari ya KIA ya asubuhi jua linakuwa upande huohuo wa kulia, na mwezi Juni, linapochomoza kaskazini zaidi, linakaribia kuwa nyuma ya mlima. Hata hivyo mlima unaoonekana dhidi ya mwanga ni bora kuliko mlima usioonekana. Mtu akiniuliza bila kunipa nafasi ya kueleza, nitamwambia achukue ndege ya kwanza.

Bahari hutaka kinyume chake. Rangi ya matumbawe hutokea pale jua linapopenya maji kutoka juu, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Jua likiwa chini, maji hugeuka kioo na huoni kilicho ndani yake.

Kwa mabonde na miinuko, kama Udzungwa na Usambara, saa kumi jioni na kuendelea ni nzuri, kwa sababu vivuli huchora kila mkunjo wa ardhi. Kumbuka kwamba jua la jioni liko magharibi: anayetoka Unguja kurudi Dar es Salaam saa kumi na moja atakuwa nalo usoni akikaa kulia.

Miezi ipi ina anga safi?

Januari na Februari, na tena Juni hadi Agosti. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kuna siku nyingi za mawingu mazito, lakini saa chache baada ya mvua kubwa kuosha anga huweza kuwa na uwazi usiopatikana wakati wa kiangazi. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa hufifisha bara, hasa njia za Mbeya na Mwanza. Pwani haisumbuliwi sana na moshi huo.

Theluji ya Kibo huonekana zaidi baada ya mvua. Inafaa abiria ajue kwamba anachokiona kama weupe mpana mara nyingi ni theluji mpya ya siku chache. Barafu ya kudumu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na vipande vilivyobaki vinaweza kutofautishwa na theluji kwa kingo zake zilizosimama wima kama kuta. Ninapopita hapo huwa navitafuta vipande hivyo kwanza, na ninaomba wengine wavitafute pia, kwa kuwa wajukuu wetu huenda wasivione.

Nikirudi Dar es Salaam, upande upi unaonyesha jiji?

Muulize mvuvi upepo gani unavuma. Ndege hutua na kuruka zikiukabili upepo, na barabara kuu ya kurukia ya uwanja wetu imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, yaani upande mmoja umeelekea Pugu na mwingine umeelekea katikati ya jiji na bahari. Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, ndege nyingi hutua zikitokea upande wa Pugu, na mandhari ni vilima, mapaa ya bati na msitu uliobaki. Katika majira hayo jiji huonekana wakati wa kuondoka.

Wakati wa kusi, hasa asubuhi, ndege huweza kuingia kutoka baharini. Hapo ndipo Dar es Salaam hujionyesha yote. Aliyekaa kushoto huona mlango wa bandari, meli zilizotia nanga nje zikisubiri zamu, Kigamboni na daraja lake, na maghorofa ya Posta. Aliyekaa kulia huona Masaki, Oysterbay na rasi ya Msasani. Nachagua kushoto bila kusita, kwa sababu ya bandari: ukiiona kutoka juu, jinsi bahari ilivyoingia ndani kwa mlango mwembamba kisha ikatulia, unaelewa jina la Bandari ya Salama bila kuelezwa na mtu.

Katika ndege ndogo ya watu kumi na wawili ninaweza kuchagua kiti?

Kwa kawaida viti havina namba, na wafanyakazi au rubani hupanga abiria kwa kuzingatia uzito ili ndege iwe na mizani. Omba kwa upole, na ukiambiwa ukae pengine, kaa. Hakuna hasara kubwa, kwa kuwa karibu kila kiti kina dirisha. Ndege ikiwa na rubani mmoja, mara nyingine abiria mmoja hukaribishwa kukaa kando yake mbele. Ukipewa nafasi hiyo, usiguse kitu chochote, na usimsemeshe wakati wa kuruka na kutua.

Nifanye nini ili nikipate kiti ninachokitaka?

Chagua kiti siku ileile unayokata tiketi, hata kama kuna ada ndogo. Ukishindwa, ingia kwenye tovuti au programu ya shirika mara tu usajili wa safari unapofunguliwa, mara nyingi saa 24 kabla. Ukishindwa tena, fika uwanjani mapema na useme kwa mhudumu wa dawati sentensi kamili: "Naomba dirisha la upande wa kulia, nyuma ya bawa." Wahudumu wengi husikia "naomba dirisha" siku nzima, na anayejua anachokitaka husaidiwa haraka zaidi.

Safu za milango ya dharura zina nafasi ya miguu, lakini mara nyingi ziko juu ya bawa, na hazipewi watoto wala abiria wenye watoto wachanga.

Picha zangu hutoka na kivuli cha uso wangu kwenye kioo. Nifanyeje?

Zima mwanga wa kamera, sogeza simu karibu kabisa na kioo bila kukigusa, kwa kuwa ukuta wa ndege hutetemeka, kisha funika simu na mkono wako kwa kitambaa cheusi, mtandio au kanga yenye rangi ya giza, ili mwanga wa ndani usiakisi. Kama unatumia kamera yenye kichujio cha kupunguza mng'ao wa maji, kivue. Madirisha ya ndege ni ya plastiki, na kichujio hicho huyatia mistari ya rangi kama upinde wa mvua. Pangusa kioo kwa kitambaa laini kikavu kabla ya kuondoka. Picha za maeneo ya ulinzi usipige, na ukiwa chini uwanjani uliza kwanza.

Lile tundu dogo chini ya dirisha ni la nini?

Lipo kwenye tabaka la kati la dirisha, na kazi yake ni kusawazisha shinikizo la hewa ili tabaka la nje libebe mzigo, na pia kupunguza ukungu. Vipande vya barafu vinavyojichora kulizunguka si hitilafu.

Kwa nini tunaambiwa tufungue pazia la dirisha wakati wa kuruka na kutua?

Ili macho yazoee mwanga wa nje na wahudumu waweze kuona hali ilivyo nje iwapo kutatokea dharura. Katika Boeing 787 hakuna pazia: kioo chenyewe hutiwa giza kwa kitufe. Wakati wote uliobaki, kumbuka kwamba aliyekaa dirishani anashika mwanga wa safu nzima, na ni uungwana kumuuliza jirani aliyelala kabla ya kuliacha wazi jua likimpiga usoni.

Nampeleka mama yangu mzazi Moshi kwa ndege, na ni mara yake ya kwanza. Nimkalishe dirishani?

Muulize yeye kwanza, kwa kuwa wapo wazee wanaopenda kuona na wapo wanaotulia zaidi wakiwa katikati ya watu wao. Akikubali, mkalishe dirisha la kulia, nyuma ya injini ikiwa ni pangaboi, mbele ya bawa ikiwa ni jeti, nawe ukae kando yake. Mweleze mapema sauti atakazozisikia: mgurumo wa kuruka, kishindo cha magurudumu yakifunga, na injini zikipunguza nguvu baada ya dakika chache, jambo ambalo huwatisha wengi kwa kudhani zimezimika. Mpe peremende au maji ya kumeza ili masikio yasimzibe. Halafu usimchoshe kwa maelezo. Milima ya Pare ikianza kujipanga upande wake na maji ya Nyumba ya Mungu yakionekana chini, mwambie tu, "Mama, tazama mbele kidogo," na umwachie dirisha mpaka mtakapotua.